Moto wa nyika ukizuka, nani atawasimamisha waendesha baiskeli?

MSOMAJI, hebu tuseme umejiandikisha kushiriki mashindano ya baiskeli ya watu wote, yanayoanzia Kaloleni, mjini Voi. Njia mliyopewa inafuata barabara ya Taveta kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, kisha mnarudi nyumbani. Mko mia kadhaa. Wamo vijana wenye baiskeli za mbio, walimu, wauguzi, mama wa kikundi cha akiba na mzee wa miaka sitini ambaye amezoea kubeba mitungi ya maji kwa baiskeli yake tangu ujana. Watoto wa shule wamejipanga kando ya barabara kuwashangilia.

Mkiwa mmepita Bura, unaona moshi upande wa mbugani. Unakohoa kidogo. Walio mbele yako wanaendelea kukanyaga pedali, nawe unaendelea kwa kuwa hakuna aliyesema msimame.

Je, ni nani mwenye jukumu la kusema hivyo? Anajuaje kwamba wakati wa kusema umefika? Na akishasema, wewe uliye kilomita arubaini kutoka mjini utapataje habari na utakimbilia wapi?

Haya ni maswali ya afya sawa na yale ya maji safi na chanjo. Aghalabu waandaaji wa mashindano hushughulika na fulana, medali, wageni wa heshima na vipaza sauti, huku suala la moto likiachiwa Mungu. Wiki hii tunaeleza namna moshi unavyomdhuru mtu anayefanya mazoezi makali, mambo ambayo mpango wa tahadhari wapaswa kuwa nayo, na yale ambayo wewe mwenyewe unaweza kufanya.

Kwa nini Voi?

Kaunti ya Taita Taveta ina eneo la kilomita 17,000 za mraba hivi, na zaidi ya nusu yake ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948. Mji wa Voi uko mlangoni pa Tsavo Mashariki. Baada ya mvua za masika nyasi hurefuka, na kuanzia Juni hadi Oktoba hukauka zikawa kama karatasi. Miezi hiyo hiyo pepo za kusi huvuma kwa nguvu kutoka upande wa bahari. Nyasi kavu na upepo vikikutana, cheche moja tu yatosha.

Cheche hiyo hutokana mara nyingi na shughuli za binadamu. Kuna wachomaji makaa, warina asali wanaotumia moshi kufukuza nyuki, wafugaji wanaochoma nyasi ili zichipuke upya, na msafiri anayetupa kichungi cha sigara dirishani mwa gari. Mnamo Agosti 2020 moto uliunguza sehemu za Tsavo Magharibi, wakalazimika kupambana nao askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) pamoja na watu wa kujitolea. Miezi miwili baadaye, Oktoba 11, 2020, moto mwingine ulizuka katika mlima Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, na mamia ya watu wakapanda mlimani kuuzima. Ulichukua siku nyingi.

Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, ambayo kwa sasa ni ya lami, ina sehemu mbili zilizo tofauti kabisa. Kutoka Voi hadi Bura kuna vijiji, maduka, shule na vituo vya afya. Lakini ukishapita Maktau unaingia katika ardhi ya Tsavo Magharibi, na kwa kilomita nyingi hakuna nyumba, hakuna duka, na simu huenda isishike mawimbi. Mpango wa tahadhari ambao haukuzingatia tofauti hiyo haufai.

Isitoshe, Tsavo ina ndovu wengi kuliko eneo lolote lingine la Kenya. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba eneo hilo lina ndovu wapatao 15,000. Moto ukiwaka, ndovu, nyati na simba hawabaki pale. Hukimbia, na huvuka barabara wakiwa na hofu na hasira. Mwendesha baiskeli anayekwepa moto anaweza kujikuta uso kwa uso na mnyama anayeukwepa moto huo huo.

Moshi unavyodhuru mwili

Wengi hudhani hatari ya moto ni ndimi zake tu. Ukweli ni kwamba moshi hufika mbali zaidi na hudhuru watu wengi zaidi.

Ndani ya moshi wa nyasi na miti mna chembechembe ndogo mno, zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban maikromita 70, kwa hiyo chembe hizi hazionekani moja moja kwa macho. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukalitoa kwa kupenga kamasi au kukohoa. Hizi hupita hadi kwenye vifuko vya hewa vilivyo ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linapendekeza kwamba wastani wa chembe hizo katika hewa kwa muda wa saa 24 usipite maikrogramu 15 kwa kila mita moja ya ujazo. Karibu na moto wa nyika kiasi hicho hupitwa mara nyingi sana.

Sasa fikiria mtu aliyeketi kivulini. Huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja. Mtu huyo huyo akipanda baiskeli na kukazana mlimani, huweza kuvuta lita 60, na mwanariadha hodari hata lita 100. Tena hupumua kwa mdomo, akaliacha pua ambalo ndilo chujio la kwanza la mwili. Maana yake ni kwamba mshiriki anayekazana kwa saa moja ndani ya moshi anaweza kuvuta uchafu unaolingana na ule ambao mtazamaji aliyeketi angevuta kwa saa kumi. Hii ndiyo sababu hewa ambayo mwenye duka anaivumilia inaweza kumwangusha mwendesha baiskeli.

Dalili za kwanza ni macho kuwasha, koo kukereketa, kikohozi na mafua. Mtu mwenye pumu huanza kukoroma kifuani na kubanwa na pumzi. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu yumo hatarini zaidi, kwa maana chembe zinapoingia katika damu huweza kuchochea mshtuko wa moyo au kiharusi. Watoto, wazee na wanawake wajawazito nao wahesabiwe miongoni mwa wanaodhurika upesi.

Karibu na moto wenyewe kuna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hunyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha huchanganyikiwa na kusinzia. Mhudumu wa kwanza ajihadhari hapa. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni huweza kuonyesha kwamba mambo ni mazuri ilhali mgonjwa amejaa sumu hiyo. Usikiamini kifaa ukapuuza dalili.

Yaliyotokea kwingine

Kuna mashindano matatu ya nchi za mbali yanayotupa mafunzo tofauti.

La kwanza ni mbio za miguu za kilomita 100 katika eneo la Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, Septemba 2, 2011. Moto wa nyika uliwakuta wakimbiaji ndani ya bonde lenye kuta za mawe. Wanawake wawili waliungua vibaya sana. Mmoja wao, Turia Pitt, aliungua asilimia 65 ya mwili wake, na majeruhi walikaa saa kadhaa kabla ya helikopta kuweza kuwatoa. Kamati ya bunge la jimbo la Australia Magharibi ilichunguza mkasa huo, na mwaka 2012 ikatoa ripoti iliyosema kwamba waandaaji hawakuchukua hatua zote zilizofaa ili kupunguza hatari. Moto haukuwashwa na waandaaji. Lawama iliwaangukia kwa sababu ya maandalizi.

La pili ni mashindano ya Ironman ya Lake Tahoe, Marekani, ambayo ndani yake mna kuogelea, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia. Asubuhi ya Septemba 21, 2014, washiriki wakiwa tayari kuanza, waandaaji walifuta mashindano yote kwa sababu ya moshi wa moto mkubwa uliokuwa ukiwaka California. Hakuna ulimi wa moto uliokuwa karibu. Ulikuwa moshi peke yake. Watu waliokuwa wamejiandaa mwaka mzima walirudi nyumbani wakinung'unika, lakini walirudi wakiwa na mapafu yao.

La tatu latoka hapa hapa Afrika. Mashindano ya baiskeli ya Cape Town, Afrika Kusini, ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani, yakiwa na maelfu ya washiriki. Kwa kawaida njia yake ni ya kilomita 109. Mnamo Machi 1, 2015, wiki moja kabla ya mashindano, moto ulizuka milimani juu ya Muizenberg ukawaka kwa siku kadhaa. Waandaaji hawakuyafuta mashindano, wala hawakujifanya kwamba hakuna kitu. Waliifupisha njia ikawa kilomita 47, na Machi 8 watu wakaendesha. Angalia kwamba hata mahali ambapo moto ulikuwa umezimwa, barabara za kando ya mlima zilibaki za hatari, kwa kuwa mimea iliyokuwa imeshikilia mawe ilikuwa imeungua.

Basi waandaaji wana njia tatu: kuendelea, kupunguza, au kufuta. Ile ya nne, yaani kungoja tuone, ndiyo inayojeruhi watu.

Uamuzi ufanywe kabla ya siku

Msomaji, hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Siku ya mashindano haifai kuwa siku ya kuanza kujadiliana. Siku hiyo mfadhili amekuja na mabango yake, mgeni wa heshima ameketi, ada za washiriki zimekwisha tumika, na kila mtu anatamani kuambiwa kwamba moshi ule ni mdogo. Ni vigumu sana kwa binadamu aliye katika hali hiyo kusema hapana. Kwa hiyo neno hapana liandikwe mapema, wakati kila mtu ametulia.

Mpango mzuri huwa na mambo haya:

1. Mtu mmoja wa kuamua. Si kamati. Awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na msaidizi wake mmoja, wenye mamlaka ya kusimamisha mashindano bila kuomba ruhusa kwa mfadhili wala kwa mheshimiwa yeyote. Yafaa mmoja wa hao wawili awe daktari au afisa wa afya.

2. Mipaka iliyoandikwa. Mahali penye vipimo vya hewa, baadhi ya mashirika ya michezo ya Marekani husitisha michezo ya nje kiwango cha uchafuzi kinapofika 150 katika kipimo chao. Pasipo na vipimo, macho yatatumika. Kwa hewa kavu ya mchana, ikiwa moshi unakuzuia kuona kitu kilicho umbali wa kilomita 8, watu wenye pumu, wagonjwa wa moyo, wazee na watoto wasishiriki. Usipoweza kuona hata kilomita 5, mashindano yasimame. Waandaaji wa Voi wanavyo vipimo vya bure walivyopewa na Mungu: milima ya Sagalla kusini mwa mji na milima ya Taita magharibi. Wapime mapema umbali wa vilele na majengo yanayoonekana kutoka kila kituo, wauandike, na siku hiyo watazame. Mpaka mwingine ni moto wenyewe. Ukionekana upande ambao upepo unavuma kuelekea njiani, usingojewe.

3. Njia iliyogawanywa. Njia yote ikatwe vipande vya kilomita tano au kumi. Kwa kila kipande ijulikane washiriki watatokea wapi, watakusanyika wapi, na ni gari gani litawachukua. Pa kukusanyika pawe uwanja mtupu usio na nyasi, kama vile kiwanja cha shule au cha soko. Kipande ambacho hakina pa kutokea kiondolewe katika njia. Kwa mfano huu wetu, kugeuzia Bura badala ya kwenda hadi Maktau kungepunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Njia fupi hiyo iwe tayari imepimwa na kuwekewa alama hata kama haitatumika.

4. Hesabu ya watu. Kila mshiriki apewe namba, na kila kituo kiandike namba zilizopita na saa zilipopita. Bila hesabu, mashindano yakisimamishwa hakuna atakayejua kama kuna mtu amebaki porini. Gari la mwisho lisirudi mjini mpaka hesabu ikamilike.

5. Mawasiliano yasiyotegemea simu peke yake. Ziwepo redio za mawasiliano, waendesha bodaboda wa kupeleka ujumbe mahali pasipo na mawimbi, na ishara moja inayofahamika na wote, kama bendera nyekundu na king'ora. Washiriki waonyeshwe ishara hiyo kabla ya kuanza.

6. Hospitali kujulishwa. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi, pamoja na hospitali za Mwatate na Taveta, zielezwe tarehe, idadi ya washiriki na njia yao. Swali la kuuliza ni hili: wakija wagonjwa ishirini wa moshi kwa mara moja, oksijeni itatosha? Jibu likiwa hapana, idadi ya washiriki ipunguzwe au vifaa viongezwe.

7. Wenye ardhi na wenye habari. KWS, Idara ya Hali ya Hewa, polisi wa trafiki, serikali ya kaunti na Shirika la Msalaba Mwekundu waketi pamoja na waandaaji mapema. Askari wa mbuga na wafugaji huona moshi kabla ya mtu wa mjini. Apatikane wa kuwapigia simu alfajiri ya siku hiyo.

8. Fedha. Ieleweke tangu mwanzo, kwa maandishi, nini kitatendeka kwa ada zenu mashindano yakifutwa. Hili laonekana kama jambo la uhasibu, lakini ni la afya. Mtu anayejua kwamba fedha zake hazijapotea hatalazimisha kuendelea.

9. Tarehe. Kinga iliyo rahisi kuliko zote ni kutofanya mashindano katika kilele cha ukame na upepo. Tarehe ikiwa haiwezi kubadilishwa, basi yaanze alfajiri na kumalizika kabla ya joto na upepo wa mchana. Hata hivyo, kumbuka kwamba moshi wa moto wa jana huweza kulala mabondeni asubuhi, kwa hiyo kutazama kwanza ni lazima.

Wewe mshiriki ufanye nini?

Kama una pumu, chukua inhela yako mfukoni, si katika mkoba uliobaki kwenye gari. Kama una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, zungumza na daktari wako kabla ya kujiandikisha, na umweleze mwandaaji. Andika jina lako, ugonjwa wako na simu ya jamaa yako nyuma ya namba uliyopewa.

Angalia mavazi. Nguo nyingi za waendesha baiskeli ni za nailoni na jamii yake. Moto unapozifikia huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Beba shati la pamba la mikono mirefu. Beba pia barakoa ya aina ya N95. Si ya kuendeshea mbio, kwani utashindwa kupumua vizuri. Ni ya kukusaidia kutoka katika moshi polepole. Kitambaa cha kawaida, hata kikiloweshwa maji, hakizuii zile chembe ndogo.

Ukianza kukohoa mfululizo, kifua kikabana, kichwa kikauma au macho yakashindwa kuona mbele, punguza mwendo na ujiondoe katika mashindano. Usingoje ruhusa ya mtu. Mwambie aliye karibu nawe, na mwende wawili wawili. Ukiona mwenzako anaongea maneno yasiyoeleweka au anayumba, mshushe baiskeli.

Ikiwa moto wenyewe umekaribia, usijaribu kuushinda mbio kwa kupanda kilima. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyokwenda uwanda. Elekea pembeni mwa upepo, si mbele yake. Tafuta mahali pasipo na kitu cha kuungua: lami pana, ardhi tupu, machimbo ya mchanga, au eneo ambalo tayari limeungua na kupoa. Gari likiwa karibu, ingia, funga madirisha, lala chini ya kiwango cha madirisha. Ukikosa yote hayo, lala kifudifudi katika ardhi tupu au mtaro usio na nyasi, ufunike uso na mikono kwa nguo ya pamba. Baiskeli iache. Baiskeli hununuliwa.

Huduma ya kwanza

Aliyeungua amwagiwe maji ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, maji bado yana faida. Vua pete, saa na mkanda kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandana na ngozi usiivute. Funika jeraha kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, unga, yai, asali ya nyumbani na udongo visipakwe, kwani huleta maradhi na kumtatiza daktari.

Aliyezidiwa na moshi atolewe penye hewa safi, aketi wima, alegezewe nguo za kifuani. Mwenye pumu apewe inhela yake ya buluu, mvuto mmoja mmoja huku akipumzika katikati, na asipopata nafuu baada ya mivuto kumi apelekwe hospitali mara moja. Apelekwe pia bila kuchelewa mtu yeyote mwenye maumivu ya kifua, midomo iliyogeuka buluu, sauti iliyokwaruza ghafula, vinyweleo vya pua vilivyoungua, au aliyechanganyikiwa. Sauti na pua ni dalili kwamba njia ya hewa imeungua na huenda ikavimba ikaziba.

Namba za dharura ni 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Zihifadhi katika simu yako leo.

Na wakazi je?

Mashindano hupita, mwenyeji hubaki na moshi wake. Mkazi wa Kaloleni, Sofia, Mwakingali au Birikani ambaye hata hana baiskeli anahitaji kujua la kufanya. Waandaaji wanapofunga barabara, wahakikishe ambulensi na mama mjamzito anayekwenda kujifungua wanapita. Walimu wasiwapange watoto barabarani siku yenye moshi.

Nyumbani, funga madirisha na uzibe nyufa kwa vitambaa vilivyolowa. Lakini sikiliza kwa makini: ukishafunga nyumba, usiwashe jiko la makaa ndani. Familia inayojifungia pamoja na jiko ikikimbia moshi wa nje, hujiua kwa ile kaboni monoksaidi tuliyoitaja. Wagonjwa wa pumu na wazee wahamishwe mapema kwa jamaa walio mbali na moshi, wakati matatu bado zinapita.

Wala tusiwasahau wanaoendesha baiskeli kila siku bila namba kifuani: wauza maji, wauza maziwa, vijana wanaokwenda kibarua mashamba ya mkonge. Kwao hakuna mashindano ya kufutwa. Siku ya moshi mzito, ikiwezekana, wapunguze safari, wasukume baiskeli mlimani badala ya kukazana, na wapumzike mara kwa mara.

Baada ya moto

Kukohoa na kubanwa kifua huweza kujitokeza hata siku ya pili. Mshiriki aliyepita katika moshi asikae peke yake usiku huo, na asifanye mazoezi makali kwa siku kadhaa mpaka kikohozi kiishe. Kikohozi kikidumu, au makohozi yakawa meusi, amwone daktari. Waliowaona wenzao wakiungua nao huhitaji kuzungumza na mtu. Kukosa usingizi na kushtuka ovyo si uoga, ni jeraha pia.

Waandaaji nao waketi ndani ya wiki moja, waandike yaliyofaulu na yaliyoshindikana, na wampe nakala mwandaaji wa mwaka ujao.

Hivyo basi, msomaji, utakapoletewa fomu ya kujiandikisha kwa mashindano yoyote yanayopita nyikani, yawe ya Voi, ya Nanyuki au ya Moshi, kabla ya kulipa uliza maswali matatu. Nani ana mamlaka ya kutusimamisha? Atatusimamisha akiona nini? Tukisimamishwa, tunatokea wapi? Ukijibiwa kwa majina, kwa vipimo na kwa ramani, lipa ada yako, utie upepo magurudumu. Ukijibiwa kwamba ajali haina kinga, mrudishie fomu yake.